Sura ya Sita: Deni Si Kosa la Jinai

Mjini Bunia, mtu akishindwa kulipa deni, karatasi ya kwanza inayomfikia mara nyingi haitoki mahakamani. Inatoka polisi. Ni convocation yenye muhuri, ina jina lake na saa ya kufika, na mahali pa sababu pameandikwa abus de confiance au escroquerie. Akifika anaambiwa aache simu mezani, avue mkanda na viatu, aingie kasho, chumba cha mahabusu. Nje, ndugu zake wanaanza kuzunguka mtaa kwa mtaa, Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba, wakikopa kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa jirani mwenye duka. Kufikia jioni deni la kwanza limelipwa nusu, na yamezaliwa madeni mengine matatu. Mdai anaondoka na sehemu ya pesa yake. Aliyemkamata mdaiwa naye haondoki mikono mitupu.

Njia hii imezoeleka hata watu wengi wanaamini ndiyo sheria. Mdai anaamini hivyo, mdaiwa anaamini hivyo, na kijana aliyevaa sare anaamini hivyo pia. Wote wamekosea. Tangu mwaka 1976, nchi hii, Kongo, ikiitwa bado Zaire, imefungwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Katiba ya 18 Februari 2006 inaipa mikataba ya namna hiyo nguvu kuliko sheria za kawaida. Kifungu chake cha 18 kinaongeza kwamba polisi hawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba atakaa ndani mpaka alipe.

Wanaotetea mtindo huu wana jibu lao. Husema: hatumkamati kwa deni, tunamkamata kwa abus de confiance. Basi tulipime jibu hilo, kwa kuwa hapo ndipo uhuru wa watu wengi wa Bunia unapopotelea.

Kanuni ya adhabu ya Kongo inaadhibu abus de confiance katika kifungu cha 95, na escroquerie katika kifungu cha 98. Makosa yote mawili yanaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 5. La kwanza ni la mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake kwa masharti ya kukirudisha au kukitumia kwa kazi maalumu, naye akakila. Nikikupa magunia 20 ya maharage uniuzie katika soko kuu, uniletee pesa, kisha ukaziweka mfukoni mwako, hapo pana mashitaka. Lakini nikikukopesha dola 500, dola zile zimekuwa zako tangu ulipozipokea. Unachodaiwa ni kiasi kama hicho kwa tarehe tuliyopatana, si noti zile zile nilizokupa. Siku ya malipo ikifika huna kitu, umevunja ahadi, na hukuiba amana. La pili, escroquerie, linahitaji ulaghai uliotangulia kupokea pesa: jina la uongo, cheo cha uongo, hila zilizopangwa ili mwenye mali adanganyike. Aliyekopa kwa jina lake, mbele ya jirani zake, akiwa na nia ya kulipa, kisha biashara ikaanguka, hakumlaghai mtu.

Matapeli wapo, na wanastahili kushitakiwa. Lakini kumtambua tapeli ni kazi ya uchunguzi, wala haimalizwi kwa mdai kuinua sauti kwenye kaunta ya polisi. Mdaiwa akisema, "Shefu, mimi nilikopa, sikuiba," amekwisha kutoa utetezi wa kisheria ulio kamili kuliko anavyojua. Jibu analopewa kwa kawaida ni, "Mama, lipa kwanza, mengine tutaongea."

Ituri, jimbo letu, ina uzito wake wa pekee katika jambo hili. Tangu 6 Mei 2021 jimbo limo katika hali ya hatari, état de siège, ambayo imeongezwa tena na tena. Agizo lililoianzisha lilizipa mahakama za kijeshi kazi ya mahakama za kiraia katika mambo ya jinai. Maana yake ni kwamba deni la vitenge, likibandikwa jina la jinai, lilikuwa na njia ya kumfikisha muuzaji wa soko mbele ya ofisi ya auditeur, mwendesha mashitaka wa kijeshi, kwenye foleni moja na washitakiwa wa mauaji na uasi. Gereza kuu la Bunia lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 220, na kwa miaka sasa limebeba zaidi ya elfu moja. Kila mtu anayelala mle kwa sababu ya deni amechukua nafasi kwenye sakafu isiyo na nafasi.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamepambana na swali hili hadharani. Nchini Kenya sheria inaruhusu gereza la kiraia kwa mdaiwa, lakini mwaka 2010 jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa deni la mkataba kunapingana na kifungu kile kile cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa. Majaji wengine waliomfuata hawakukubaliana naye kwa yote. Wakasema mwenye uwezo anayekataa kulipa kwa makusudi si sawa na asiye na kitu, na kwamba lazima asikilizwe kwanza. Huo ni mjadala wa maana, na umefanyika mbele ya majaji. Huku kwetu sheria yenyewe haina hata gereza hilo la kiraia kwa deni la mkopo. Kinachofanyika kasho hakina kifungu cha kukitetea.

Sasa nimgeukie mdai, maana hasira yake si ya bure. Mama aliyekopesha faida yake ya miezi sita hana akiba nyingine. Mahakamani ataambiwa alipie gharama za kufungua kesi, gharama za huissier, yaani afisa wa mahakama anayepeleka na kutekeleza amri zake, tena avoka, yaani wakili, na aje tena wiki ijayo. Polisi wanamtia ndani mdaiwa siku hiyo hiyo. Ukimwambia mama huyo aheshimu sheria bila kumwonyesha sheria inamfaa nini, umemwacha peke yake.

Sheria ina kitu cha kumpa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia rasmi katika OHADA, umoja wa sheria za biashara barani Afrika, tarehe 12 Septemba 2012. Pamoja na umoja huo zilikuja sheria zinazofanana kutoka Dakar mpaka Bunia, na juu yake mahakama moja ya mwisho iliyoko Abidjan. Mojawapo inahusu namna ya kudai deni; iliandikwa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho hapa hapa nchini, mjini Kinshasa, 17 Oktoba 2023. Ndani yake imo amri ya kulipa, injonction de payer. Mdai mwenye deni lililo wazi, linalojulikana kiasi chake na ambalo tarehe yake imefika, anampelekea rais wa mahakama ombi pamoja na ushahidi: karatasi ya mkopo, hati yenye sahihi, vocha. Hakimu akiridhika anatoa amri bila kumwita kwanza mdaiwa. Mdaiwa anapelekewa amri hiyo na huissier, na ana siku chache tu za kuipinga. Asipopinga, amri inapata nguvu ya hukumu. Akipinga, hakimu anaanza kwa kuwapatanisha.

Njia hii inahitaji kitu kimoja ambacho sokoni hakipendwi: karatasi. Mikopo mingi ya Bunia inafanywa kwa mdomo, kwa sababu kumwomba rafiki sahihi ni kama kumwambia humwamini. Heshima hiyo ndiyo inayomwacha mdai bila silaha ya halali na kumsukuma kuelekea polisi. Ukurasa mmoja wa daftari, wenye majina, kiasi, fedha gani, tarehe ya kulipa, sahihi mbili na za mashahidi wawili, unatosha kuanzia. Na fedha gani iandikwe kweli. Hapa tunauza kwa faranga, tunakopa kwa dola, na bidhaa za Arua na Kampala tunazinunua kwa shilingi za Uganda. Faranga ikianguka, aliyekopa dola anaumia. Ikipanda ghafla, kama ilivyopanda miezi ya mwisho ya 2025, anaumia aliyeweka dola ndani akidaiwa faranga. Karatasi isiyotaja fedha ni ugomvi uliowekwa akiba.

Mdaiwa naye ana haki katika sheria hiyo hiyo ya kudai deni, nayo ndiyo haki isiyojulikana kuliko zote. Kifungu cha 39 kinamruhusu hakimu, akitazama hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai, kuahirisha malipo au kuyagawa kwa awamu mpaka mwaka mmoja. Hakihusu deni la matunzo ya familia wala hati za biashara kama traite; deni la kawaida limo. Mwaka mzima! Mtu anayekubali anadaiwa anaweza kwenda mbele ya hakimu na kusema: nadaiwa, sina zote, nitatoa kiasi hiki kila mwezi. Kwa nini basi watu wanaruka dirishani usiku kwenda Mahagi au kuvuka Ziwa Albert, wakiacha wake na watoto wakitukanwa? Kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa kukiri deni mbele ya hakimu hakumtii mtu pingu.

Kuna pia vizuizi kwa mdai anayetaka mali ya mdaiwa ikamatwe. Anayekamata ni huissier, si polisi wala vijana wa mtaa. Kwa kawaida hawezi kuja Jumapili wala usiku. Nyumba haiuzwi ila kwa taratibu za mahakama, na mapatano yoyote yanayosema vinginevyo ni batili. Jambo hili la mwisho nataka lisomwe mara mbili, kwa sababu Bunia imejaa karatasi za namna hii: mtu anakopa dola 2,000 na anaambiwa asaini acte de vente, hati ya mauzo ya parsele yake, "kama garanti tu." Tarehe ikipita siku tatu, mkopeshaji anatokea na acte ile na kusema nyumba ni yake, alikwisha kuinunua. Sheria ya OHADA ya dhamana, ya mwaka 2010, inamruhusu mkopeshaji kujitwalia nyumba bila mnada endapo tu mwenye nyumba ni kampuni au mfanyabiashara aliyeandikishwa, na nyumba yenyewe si ya kuishi. Nyumba ya kulala watoto imeondolewa kabisa. Mauzo ya uongo yanayoficha mkopo yanaweza kupingwa mahakamani, lakini lazima yapingwe kabla mnunuzi wa tatu hajajenga ukuta.

Ndivyo lilivyo deni moja na mdai mmoja. Wafanyabiashara wa Bunia wanajua pigo lingine: siku moja inapoangusha kila kitu. Gari la bidhaa linachomwa kwenye barabara ya Komanda, au msafara wa kuelekea Mahagi unavamiwa, na mzigo uliokuwa wa watu wanane unaisha kwa saa moja. Mwenye mzigo anawaza kwamba vita vimefuta deni. Kwa masikitiko, havifuti. Kanuni ya mikataba ya 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika, inamsamehe fidia mtu aliyezuiwa na nguvu isiyozuilika, lakini pesa iliyokopwa haihesabiki kuwa imeungua pamoja na gari. Faini ya kuchelewa inaweza kuondoka. Mtaji unabaki.

Kwa mtu huyo OHADA imefungua mlango ambao zamani haukuwepo. Dekreti ya kikoloni ya 27 Julai 1934 juu ya kufilisika ilimtazama aliyeanguka kama mtu wa kuogopwa. Sheria mpya, iliyorekebishwa Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, 10 Septemba 2015, inauliza kwanza kama biashara inaweza kuokolewa. Mfanyabiashara anayeona matatizo yanakuja, lakini bado analipa, anaweza kuomba conciliation: mtu wa kati anakaa naye na wadai wake kwa siri, kwa miezi 3 inayoweza kuongezwa 1. Hali ikizidi kuwa mbaya kuna règlement préventif, ambamo wadai wanazuiwa kwa muda kumvuta kila mmoja upande wake. Akishindwa kabisa kulipa, anapaswa kutangaza jambo hilo mahakamani ndani ya siku 30. Hapo hakimu anaamua kama biashara itafufuliwa chini ya usimamizi, au kama mali itauzwa na kugawanywa kwa mpangilio, mishahara ya wafanyakazi ikiwa mbele.

Wenye maduka ya Boulevard de Libération wakisikia haya husema ni mambo ya kampuni za Kinshasa. Sivyo. Sheria hii inamhusu kila mtu anayefanya kazi yake mwenyewe kwa kujitegemea: biashara, ufundi, kilimo. Fundi seremala yumo, mama wa vitenge yumo, mwenye pikipiki tano za kukodisha yumo. Tena kuna taratibu zilizorahisishwa kwa biashara ndogo yenye wafanyakazi wasiozidi 20 na mauzo ya mwaka yasiyozidi faranga za CFA milioni 50. Karibu biashara yote ya Bunia inaingia humo. Wanaokosekana ni watu wa kuitumia. Pasipo na mahakama ya biashara iliyofunguliwa, kazi inaangukia Tribunal de Grande Instance. Ombi linataka daftari za hesabu. Na mfanyabiashara anayeweka hesabu zake kichwani hana cha kumwonyesha hakimu. Nasema wazi kwamba chama cha wafanyabiashara cha mji kingefanya kazi kubwa zaidi kwa kufundisha uwekaji wa daftari kuliko kwa mikutano yote ya kulalamikia kodi.

Upande wa akina mama kuna jambo fupi la kusema. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa ruhusa ya mume kwa mke anayetaka kufunga mkataba. Mwanamke aliyeolewa anakopa kwa jina lake. Mkopeshaji akitaka sahihi ya bwana, anaomba mdhamini, na mdhamini anaweza kuwa mtu mwingine yeyote.

Watu wa dhahabu wako katika hali iliyojificha zaidi. Kule Mongbwalu na machimbo mengine ya Djugu, mnunuzi anampa PDG, yaani mkuu wa shimo, pesa za chakula, pampu na mafuta, naye anaahidi kumuuzia dhahabu yote kwa bei ya chini ya ile ya soko. Hakuna anayetaja riba. Imo ndani ya bei. Shimo likikosa dhahabu, deni linahamia shimo linalofuata, na wachimbaji wa chini wanafanya kazi mwaka mzima bila kujua nani anamdai nani.

Nimeacha mwisho mtu ambaye sheria mpya ya kufilisika imemwacha nje: mwalimu, muuguzi, karani wa serikali. Tangu mishahara ya serikali ilipoanza kupitishwa benki mwaka 2011, mshahara wake umekuwa kitu cha kuwekwa rehani. Unapochelewa, au mtoto anapolazwa, anakwenda kwa Banque Lambert, ambaye licha ya jina hilo si benki yoyote ila mtu binafsi mwenye pesa mkononi. Riba ni asilimia 30, 40, hata 50 kwa mwezi. Dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye anayesimama mbele ya mashine, anatoa riba yake, na mwenye mshahara anapewa kilichobaki, ambacho hakitoshi, kwa hiyo anakopa tena kabla ya kufika nyumbani. Sheria ya 15 Septemba 2011 juu ya mikopo midogo inataka wanaofanya kazi hiyo wawe na idhini ya Benki Kuu ya Kongo. Huyu hana.

Na wengine wamepoteza hata ile kinga waliyojijengea wenyewe. Vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini, AVEC, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, vilikuwa vinakopesha kwa riba ya haki. Vijiji vilipokimbia vita, sanduku lilibaki au liliporwa, wenye funguo wakatawanyika, na leo katika kambi ya waliokimbia makwao ya Kigonze wamo watu wanaodaiana akiba ambayo haipo tena popote.

Dhidi ya riba za Banque Lambert mwalimu wetu anacho kifungu cha kushika. Kanuni ya mikataba, katika kifungu cha 131 bis, inasema mkopeshaji akitumia vibaya shida, udhaifu au ujinga wa mkopaji na kujipatia riba inayozidi waziwazi ile ya kawaida, hakimu anaweza kuishusha mpaka kiwango cha kawaida, mkopaji akiomba. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ugumu wake: lazima mkopaji mwenyewe aombe. Ni nani atamshitaki mtu ambaye mwezi ujao atamhitaji tena? Kifungu hicho kimeandikwa kwa mtu mwenye ujasiri na nauli ya avoka.

Na kwa madeni yake yote kwa pamoja hana kitu. Taratibu za OHADA za kufilisika hazimhusu mwenye mshahara, kwa kuwa hafanyi kazi kwa kujitegemea. Muuza sukari akizama anaweza kuomba wadai wake wote wakae meza moja. Mwalimu aliyezama kwa wadai sita anapambana na kila mmoja peke yake, mpaka astaafu au atoroke. Kenya kwa sheria yake ya 2015 imempa mtu wa kawaida, hata asiye na mali yoyote, utaratibu wa kutangaza hali yake na kuanza upya. Kongo haijafanya hivyo, na kungoja OHADA ifanye ni kungoja nchi nyingi zikubaliane. Bunge la Kinshasa lina uwezo wa kutunga sheria ya madeni ya watu binafsi bila kumwomba mtu ruhusa: iweke kikomo cha riba kinachojulikana kwa namba, ikataze kushika kadi ya benki ya mtu mwingine, na impe hakimu wa tripaix, mahakama ya amani, nguvu ya kukusanya madeni yote ya familia katika mpango mmoja wa malipo. Wabunge wa Ituri waulizwe kuhusu hilo wakija kuomba kura.

Na wewe unayesoma ukiwa na convocation mfukoni, usikimbie, na usiende peke yako. Nenda na ndugu, na kabla ya hapo pita kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili wa Ituri, Bureau de Consultations Gratuites, ambayo sheria inataka kila baraza la mawakili liwe nayo. Uliza unashitakiwa kwa kifungu gani na kwa kitendo gani. Sema ukweli kuhusu deni, usilikane. Usisaini ahadi ya kulipa ukiwa ndani ya kasho, wala acte yoyote ya parsele. Hesabu saa 48. Kisha mwombe anayekudai akupeleke kwa hakimu, na ukifika kwake umwombe kifungu cha 39.